Kalenda ya Duka la Saruji

Kinaanza kwa neno kung'oka jino.
Nasoma jalada: "kibali" limebaki "ki  ali",
katikati pametoboka tundu la mwanga,
na kingo za tundu zinacheza
kama mabati mapya ya Nzuguni saa sita mchana.
Nina dakika ishirini.
Za kuhifadhi kazi, kumeza vidonge
kwa maji ya chupa yaliyopata moto dirishani,
na kuamua: nimwambie Bwana Ndahani, au ninyamaze?

Mwezi uliopita nilimwambia.
Akanitazama kama anahesabu chenji.
"Lakini jana ulikuwa unacheka, Nyemo."

Ndiyo, nilicheka.
Jana kichwa kilikuwa changu.

Kipandauso.
Ungedhani ni mmea,
ungeweza kuuotesha kwenye kopo barazani.
Hapa ofisini hakuna anayelitaja jina hilo.
Hapa ni "kichwa" tu, na kichwa humuuma kila mtu:
mwenye njaa, mwenye usingizi,
aliyekopa kausha damu na leo ni siku ya rejesho.
Sasa mimi changu nikipeleke dirisha gani?

Mkataba wa mwaka, imebaki miezi minne.
Natoka Mtumba na miwani ya mtumba,
upepo umebeba vumbi kana kwamba limeagizwa mahali.
Chilewa wa bodaboda ananiona nimeshika jicho la kushoto.
Haulizi.
Anazunguka njia ndefu, yenye matuta machache,
na nauli ni ileile.

Nkuhungu. Chumba kimoja.
Dirisha nimeliziba kwa boksi la friji na khanga mbili;
moja ina maneno,
ila gizani hata maneno yake yanapumzika.
Ndoo ya bluu karibu na kitanda.
Nyumba ya pili fundi anachomelea geti,
na kila cheche inapita ukutani, inanijua kwa jina.

Wanasimulia kwamba mji huu ulipewa jina na tembo
aliyekuja kunywa maji, akadidimia topeni.
Sikuwahi kumfikiria yule tembo
mpaka nilipolala hapa,
naye anazama nyuma ya jicho langu,
mguu mmoja baada ya mwingine, bila haraka,
na watu ukingoni wanastaajabia ukubwa wake.
Hakuna anayeuliza tope linajisikiaje.

Simu inatetemeka chini ya mto. Shangazi, kutoka Mvumi.
Anasema kuna mtu kazini ananionea wivu.
Wivu wa nini, shangazi?
Wa miezi minne?
Sisemi. Kusema kuna kelele.

Daktari aliniambia: weka alama kila siku inayokuja.
Nikachukua kalenda ya duka la saruji,
ile yenye picha ya ghorofa ambalo sitalijenga.
Agosti ina misalaba tisa ya penseli.
Kwa mbali utadhani makaburi;
ukisogea ni Jumanne tu, ni Ijumaa,
ni harusi ya Mwaluko niliyochangia sikuhudhuria.

Jioni nasikia watoto na mpira wa makaratasi,
halafu Chiku, wa mwenye nyumba, miaka saba,
anawahamishia nyuma ya choo:
"Shh! Kwa dada Nyemo umeme umekatika."

Nalala na sentensi hiyo.
Ni cheti bora kuliko vyote nilivyowahi kuandikiwa.

Kesho yake dunia imefuliwa, bado mbichi.
Natembea nayo taratibu, kama nimebeba mayai.
Chai ina ladha ya chai.
Bwana Ndahani anasimama mlangoni:
"Umepona?"
"Nimerudi," nasema.
Anaitikia kwa kichwa, kama ni jibu lilelile.

Jalada la jana liko palepale.
Kibali.
Nalisoma mara mbili,
halafu mara ya tatu, bila sababu ya kikazi.